Chenga: historia ya picha mbovu sebuleni

Desemba iliyopita nilikwenda Mwanza kumsalimia mama. Hata begi sijaweka chini, akaniambia, "Afadhali umekuja baba, hii luninga imeanza tena."

Ilikuwa saa mbili usiku, taarifa ya habari. Msomaji anafungua mdomo, uso unakatika vipande vipande kama vigae vya bafuni, sauti inakwama katikati ya neno, kisha skrini nyeusi na maandishi ya Kiingereza kwamba hakuna mawimbi. Akirudi, habari ile imeshapita. Mama alikuwa amefanya yote anayoyajua: amezima na kuwasha, amekipiga king'amuzi kofi mbili, amelipia kifurushi kipya wakati cha mwezi ule hakijaisha. Huduma kwa wateja walimwambia abonyeze hiki na kile, halafu wakamwambia fundi atakuja. Fundi hakuja.

"Marehemu baba yako alikuwa anapanda juu anageuza, basi, imekwisha," akasema.

Jamani, hilo neno lilinichoma. Ni kweli tupu. Nikiwa mtoto, kila mtu nyumbani kwetu alijua kuitibu luninga. Leo nina digrii na simu yenye intaneti, na nilikaa mbele ya ile skrini nyeusi kama mbuzi anayepigiwa gitaa. Nikaanza kusoma, na kusoma huko kulinipeleka mbali kuliko nilivyotegemea.

Tuanzie hapa hapa nyumbani. Wengi wa rika langu wanadhani luninga Tanzania ilianza mwaka 1994. Ndugu zetu wa Zanzibar wakisikia hivyo wanacheka, maana wao walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado kwenye nyeusi na nyeupe. Huku Bara serikali iliihesabu kuwa anasa. Hatukuwa na kituo hata kimoja mpaka mwaka 1994 zilipoanza ITV, DTV na CTN, na ya serikali yenyewe, TvT, ikaja mwaka 2000.

Sasa kabla ya hapo waliokuwa na luninga Dar es Salaam walikuwa wakiangalia nini? Deki ya video, na Zanzibar. Kati ya Dar na Unguja kuna kama kilomita 70, na bahari haina kilima cha kuzuia mawimbi. Ukisimamisha mlingoti mrefu, antena ukaipa mgongo Pugu na uso ukauelekeza baharini, picha inakuja. Si safi, ila inakuja. Watu waliona mpira, taarabu na sinema za Kihindi katikati ya chenga, na hakuna aliyelalamika, maana mbadala wake ulikuwa kutoona kabisa.

Ile antena ya juu ya bati, yenye fito nyingi kama mifupa ya samaki, ina hadithi ambayo sikuijua. Ilibuniwa Sendai, Japani, mwaka 1926 na Shintaro Uda na profesa wake Hidetsugu Yagi. Kazi kubwa aliifanya Uda, jina lililobaki mdomoni mwa watu ni la Yagi (waliowahi kuandika ripoti ya bosi wananielewa). Japani yenyewe haikuijali. Mwaka 1942 majeshi ya Japani yalipoiteka Singapore, yalikuta daftari la Mwingereza wa mambo ya rada lenye neno "Yagi" kila mahali. Wakamuuliza neno hilo maana yake nini. Akawaambia ni jina la Mjapani mwenzao.

Fito zile si mapambo. Moja tu ndiyo inayounganishwa na waya. Ya nyuma yake inarudisha mawimbi mbele, na za mbele yake zinayavuta upande mmoja. Ndiyo maana antena hiyo ukiigeuza kidogo tu picha inakufa. Na ndiyo maana ya ule mchezo wa familia nzima: mmoja juu ya bati, mmoja dirishani, mmoja mbele ya skrini.

"Vipi?"
"Bado!"
"Sasa?"
"Rudisha, rudisha! Hapo hapo! Usiachie!"

Akiachia tu, chenga zinarudi. Tulidhani ni mkosi. Kumbe mwili wa mtu una maji na chumvi, unapitisha umeme kidogo, na ukisimama karibu na antena unakuwa sehemu ya antena. Baba hakuwa akiishikilia antena tu, alikuwa mmoja wa zile fito.

Na chenga zenyewe ni nini? Luninga ya zamani haikujua kunyamaza. Mawimbi yakiwa hafifu, iliongeza nguvu ya mapokezi, na ikiongeza inakuza pia kelele zake yenyewe, yaani mtikisiko wa elektroni ndani ya mashine, pamoja na kila takataka iliyoko hewani: radi za mbali, pikipiki inayopita, mashine ya kusaga ya jirani. Zote zinatua kwenye skrini kama punje za mchele. Na sehemu ndogo sana ya punje hizo inatoka mbali mno. Mwaka 1964 wanasayansi wawili wa Marekani, Arno Penzias na Robert Wilson, walikuwa na antena kubwa ya umbo la pembe huko Holmdel, New Jersey, na ilikuwa na kelele isiyoisha. Wakafanya kama tunavyofanya sisi. Wakaigeuza huku na huku. Wakakagua viungo na kuvibandika utepe wa alumini. Wakakuta njiwa wawili wamejenga ndani, wakawafukuza na kusugua kinyesi chao. Kelele ikabaki pale pale. Mwaka 1965 ikatangazwa kwamba ni mabaki ya joto la mwanzo wa ulimwengu, na mwaka 1978 wakapewa Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo mwenzangu, zile jioni ulizokaa ukitazama chenga tupu ukisubiri kituo kifungue, ulikuwa unaangalia kidogo kitu kikongwe kuliko vyote vinavyoonekana.

Halafu kulikuwa na vivuli. Mtangazaji ana pacha wake upande wa kulia, mwenye rangi iliyofifia. Mawimbi yamefika mara mbili: mara ya kwanza moja kwa moja, mara ya pili baada ya kugonga ghorofa au mlima. Hapa unaweza hata kupiga hesabu. Kwenye luninga ya inchi 20, mstari mmoja wa picha huchorwa kutoka kushoto hadi kulia kwa sekunde milioni 52 hivi, maana yangu ni sehemu 52 za sekunde iliyogawanywa mara milioni moja. Kivuli kikisogea sentimita moja, mawimbi yake yamezunguka kama mita 390 za ziada. Ukiwa na rula na ramani ya mtaa unaweza kumtafuta mchawi wako ni ghorofa gani.

Mwanza hatukuhitaji rula. Wanaoijua Mwanza wanajua: mji umekaa juu ya mawe na kati ya mawe. Nyumba moja inaona ziwa lote, ya pili yake imefichwa na jabali, haipati kitu. Na hapo ndipo kebo inapoingia katika hadithi hii, kwa sababu kebo haikubuniwa kuongeza chaneli, kama nilivyoamini siku zote. Ilibuniwa kutibu picha mbovu, na waliobuni walikuwa watu wa mabondeni.

Mjini Astoria, Oregon, pwani ya magharibi ya Marekani, aliishi Ed Parsons, mwenye kituo cha redio. Mke wake, Grace, alikuwa ameiona luninga na akaitaka nyumbani. Shida ni kwamba kituo cha karibu kilikuwa kinafunguliwa Seattle, kilomita kama 200, na katikati ni vilima. Parsons akazunguka mji na kipokeo akitafuta mawimbi yako wapi, kama mtu anayetafuta mtandao wa simu kijijini. Akayakuta juu ya paa la hoteli iliyokuwa ng'ambo ya barabara kutoka kwao. Novemba 1948 kituo cha Seattle kilipoanza, akafunga antena kwenye paa lile na kuvuta waya mpaka sebuleni kwake. Picha ikaja, na mji mzima ukaja nyuma yake. Watu walijaa ndani mpaka wenye nyumba wakakosa pa kukaa. Waliokulia kwenye nyumba yenye luninga pekee mtaani wanaijua hali hiyo: viatu milango mizima, na mama anashindwa kupakua chakula. Parsons akapeleka waya mwingine kwenye ukumbi wa hoteli ili wageni wahamie huko, kisha dukani, kisha kwa majirani.

Pennsylvania nako kuna John Walson, muuza vyombo vya umeme wa Mahanoy City, aliyedai kuwa alimtangulia Parsons mwaka huo huo wa 1948. Karatasi zake ziliungua moto, na wanahistoria wanabishana hadi leo. Mimi sina ubishi. Ninayempenda zaidi ni Robert Tarlton wa Lansford, mji wa wachimba makaa ya mawe ulioko bondeni kwenye jimbo hilo hilo. Alikuwa akiuza luninga, lakini aliweza kuwauzia watu wa Summit Hill tu, juu kilimani, ambako picha za Philadelphia zilifika. Majirani zake mwenyewe wa chini hawakupata kitu. Mwaka 1950, pamoja na wenzake, akaweka antena kilimani na kuuteremsha waya hadi mjini, akiongeza nguvu njiani kwa vikuza mawimbi vya kiwanda cha Jerrold. Mwenye kiwanda alikuwa Milton Shapp, ambaye baadaye, kuanzia mwaka 1971, alikuwa gavana wa jimbo hilo. Picha mbovu ilimfikisha mtu ikulu ya jimbo.

Bahati ilikuwa upande wao. Septemba 1948 serikali ya Marekani ilisimamisha leseni za vituo vipya, kwa sababu vilivyokuwepo vilianza kuingiliana. Ilidhaniwa itakuwa miezi 6. Ilikuwa karibu miaka 4, hadi Aprili 1952, na kwa muda wote huo mji mdogo uliotaka kuona ulikuwa na njia moja tu, waya.

Pale kwenye kiwanda cha Jerrold ndipo kilipozaliwa kitu ambacho wewe na mimi tunakigusa bila kujua jina lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mhandisi Eric Winston alibuni kile kichwa cha waya kinachozungushwa kwa vidole nyuma ya luninga za kebo na ving'amuzi. Wanakiita kichwa cha F. Ni rahisi kwa sababu nusu yake haipo: ile sindano ya katikati si sehemu ya kichwa, ni waya wenyewe wa shaba ulioachwa utokeze. Fundi akiukata mfupi haufiki. Akiuacha na unyuzi mmoja wa nje umegusa katikati, picha inakufa. Kikiingia maji, shaba inaota ukijani. Likumbukeni hili, tutalirudia.

Kwetu kebo ilifika nikiwa darasa la pili au la tatu. Kampuni ilikuwa ya mtaani, ina madishi makubwa juu ya nyumba, inanasa chaneli za setilaiti na kuzisambaza kwa waya uliokuwa ukiruka kutoka nguzo hadi mwembe hadi nondo ya dirisha. Baba akashusha antena kwa sherehe. Wiki ya kwanza tulikuwa wafalme. Wiki ya tatu chenga zikarudi, na za safari hii huwezi kuzipandia bati.

Sasa ndiyo naelewa kilichokuwa kikitokea. Waya unakula mawimbi, na unakula zaidi yale ya masafa ya juu. Ndiyo maana chaneli za mwanzo zilikuwa safi na za mwisho zilikuwa kama mvua ya mawe. Kila baada ya umbali fulani kampuni inaweka kikuza mawimbi, lakini kila kikuza kinaongeza na kelele zake, na cha mbele kinakuza kelele za cha nyuma. Watu wa Lansford waliligundua hilo mapema kabisa: nyumba ya mwisho kwenye waya ndiyo inayolipia makosa ya nyumba zote zilizotangulia. Sisi tulikuwa wa mwisho. Kabla yetu kulikuwa na nyumba kama 10, na angalau 3 kati ya hizo zilikuwa zimejigawia waya kwa kisu na gundi ya plasta. Tulikuwa na mistari minene iliyolala na kupanda taratibu, ishara ya umeme wa nyumbani kuingia mahali usipotakiwa. Kituo kimoja cha hapa nchini kilikuwa na kivuli upande wa kushoto, kinyume na kawaida. Hilo lilinisumbua utoto mzima. Maelezo yake ni kwamba mnara ulikuwa karibu, mawimbi yake yalikuwa yanapenya yenyewe ndani ya luninga na kufika kabla ya yale yaliyozunguka kwenye waya. Kivuli kilitangulia mwenyewe.

Baba alikwenda ofisini kwao mara nyingi. Jibu lilikuwa lile lile: kwetu picha ni safi, tatizo liko kwako. Na hawakusema uongo, pale kwao penye madishi picha ilikuwa safi kweli! Nadhani ndiyo siku za kwanza nilipomwona mzee akirudi nyumbani bila la kufanya. Antena ilikuwa ya kwake. Waya ulikuwa wake mita za mwisho tu.

Mengine mnayakumbuka wenyewe. Makubaliano ya Geneva ya mwaka 2006 yaliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kulinda matangazo ya analojia, na Afrika Mashariki tukajiwekea mapema zaidi. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ikazimwa Dar es Salaam, na miji mingine ikafuata mwaka 2013. Sababu zilikuwa za maana: nafasi ya chaneli moja ya zamani inabeba vituo vingi vya dijitali. Lakini hakuna aliyetueleza kuhusu genge. Analojia ilishuka mlima polepole: chenga kidogo, chenga nyingi, sauti tu, basi. Jicho linasamehe, linajaza lenyewe. Dijitali inajisahihisha makosa kimya kimya, picha inabaki kama kioo hadi hatua ya mwisho, kisha inadondoka gengeni. Hakuna picha mbaya. Kuna picha au hakuna.

Na giza halina maelezo. Chenga zilikuwa lugha, fundi wa mtaani alizisoma kama daktari anavyosoma ulimi. Skrini nyeusi inasema kitu kimoja kwa kila ugonjwa. Februari 2015 vituo vikubwa vya Kenya vilizimika karibu wiki tatu kwa mvutano wa leseni na mahakama. Mwaka 2018 chaneli za bure za hapa kwetu zilitoweka kwenye baadhi ya ving'amuzi vya dishi kwa mambo ya leseni pia. Waya uliokatika, kifurushi kilichoisha na amri ya serikali vinafanana kabisa ukiwa umekaa kwenye kochi. Mama yangu alilipia kifurushi mara mbili kwa sababu hakuwa na njia ya kujua.

Basi, tarehe 27 nikaazima ngazi. Nilikuwa nimesoma vya kutosha kujua kwamba mara nyingi ugonjwa hauko mnarani wala ndani ya king'amuzi, uko kwenye viungo. Nikaanzia nyuma ya luninga: kichwa kimekaza. Nikaufuata waya ukutani, dirishani, nje. Ulikuwa ni ule ule waya wa kebo wa utotoni, umepauka kwa jua. Chini ya ukingo wa bati, mahali waya wa kebo ulipokatwa ili uunganishwe na wa antena mpya, kulikuwa na fundo la plasta nyeusi nene kama kidole gumba.

Nikalifungua taratibu. Hapakuwa na kichwa chochote ndani, waya mbili tu zilizosokotwa kwa mkono, katikati kwa katikati, nje kwa nje, na plasta imezungushwa kwa utaratibu mkubwa, tabaka juu ya tabaka. Shaba ilikuwa kijani, na maji yalidondoka matone mawili matatu. Hiyo kazi ilifanywa mwaka 2013, mara baada ya Mwanza kuzimiwa analojia. Nakumbuka kwa sababu ndimi niliyekuwa dirishani nikipiga kelele "hapo hapo!" Kwa waya wa aina hiyo, kusokota namna ile ni kosa. Lilihimili zaidi ya miaka 10.

Nilikata pande zote mbili hadi kwenye shaba nyekundu safi, nikafunga vichwa na kiunganishi vya dukani, vyote havikufika shilingi 5,000, na kuuacha waya uning'inie kidogo kabla ya kuingia ndani ili mvua idondokee nje. Usiku ule taarifa ya habari ilipita yote bila kukwama.

"Kumbe ilikuwa nini?" mama akauliza.

Nikamwambia maji yaliingia. Fundo la plasta lilikuwa mfukoni mwangu, na hakuuliza zaidi.